Soma herufi kwenye kibali kabla ya kulipia chatu

Ukinunua chatu mdogo wa Afrika Magharibi (Python regius) aliyetoka nje ya nchi, omba kibali cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini) utafute herufi ya chanzo, yaani inayoonyesha nyoka alikotoka. C: kazalishwa kizuizini kwa masharti kamili. F: kazaliwa kizuizini ila hajayatimiza. W: kakamatwa porini. R ndiyo ya kuchunga: yai au kinda limetolewa porini likakuzwa shambani, kama ilivyo Togo, Benin na Ghana, na muuzaji atakwambia tu “kaanguliwa shambani”, maneno matamu hayo. Wa W na R mara nyingi hufika na kupe, minyoo na kiu, na hususia panya waliokufa waliogandishwa.

Herufi haisaidii kwa nyoka aliyezaliwa nchini humohumo, maana hajavuka mpaka, wala ikiwa kibali kimeghushiwa. Hapo angalia kupe chini ya magamba ya kidevu na pembeni mwa macho, kisha omba alishwe panya aliyeyeyushwa mbele yako. Macho yakiwa na ukungu wa buluu, ahirisha: anakaribia kujivua gamba, na hata mwenye afya mara nyingi hukataa chakula. Akila, mwache siku mbili kabla ya kumsafirisha. Ukimbeba mapema anaweza kutapika.