Somo: Kumwomba mzee aandike wosia bila kuonekana unamchulia

Mara ya kwanza nilimwambia baba hivi: "Baba, ukiondoka, hiki kihamba kitakuwa cha nani?" Kihamba ni shamba letu la ukoo. Aliweka kikombe chini, akaniangalia. "Kumbe mmeshanizika." Hatukuongea tena mpaka naondoka Moshi kurudi Dar es Salaam. Nia yangu ilikuwa njema, maneno ndiyo yaliyoniponza. Nawaandikia njia niliyoipata baadaye, kwa sababu nimeona ndugu wengi wakifikishana mahakamani kwa jambo ambalo mzee angelimaliza kwa karatasi moja.

Hatua ya 1: Chagua siku. Wengi tunasubiri Desemba kwa kuwa wote tupo nyumbani. Kwa jambo hili Desemba haifai. Wakwe wamejaa, mbege inazunguka, na kila mtu amekuja na dukuduku lake la mwaka mzima. Nenda mwezi usio na sherehe, peke yako.

Hatua ya 2: Anza na lako. Hata kama una kiwanja kimoja tu, andika wosia wako kwanza, kisha mpelekee: "Baba, nimeandika maelekezo ya kile kiwanja changu. Naomba unisomee kabla sijasaini." Hapo umemfanya mshauri, na neno lenyewe limeshatajwa bila kumlenga yeye.

Hatua ya 3: Omba kufundishwa. Hii ndiyo iliyonifungulia mlango. Nilisema: "Baba, nioneshe mipaka yetu, nisije nikaaibika siku nikiulizwa." Akainuka mwenyewe, akachukua fimbo. Tukazunguka kihamba chote, yeye mbele, mimi nyuma. Alisimama kwenye sale moja lililopinda, akalishika shina: "Hili alilipanda babu yako." Kwetu Uchagani sale ndilo alama ya mpaka, na jani lake ndilo unalolipeleka ukienda kuomba radhi. Nilikata jani moja nikampa kwa mikono miwili. "Baba, nisamehe kwa yale maneno." Hakujibu, ila alilishika jani lile mkononi. Tulipofika kwenye mfereji akasema, "Kuanzia hapa mpaka kwenye ile migomba ya chini, nataka dada yako apate." Sikuwa nimewahi kumsikia akimtaja dada kwenye habari ya ardhi. Ningekuja na swali la kugawana, nisingeyasikia hayo.

Hatua ya 4: Pima maneno. Acha "ukifa", "urithi wangu", "tugawane". Na usithubutu kusema "sisi watoto tumekaa tukaona", maana atajua mmemwekea kikao. Sema "maelekezo yako", "utaratibu", "tusije tukagombana".

Hatua ya 5: Akikubali, aandike mapema. Kwa wanaofuata mila, kanuni za mwaka 1963 zinataka mashahidi wasiopungua 2 kama mwenye wosia anajua kusoma na kuandika: mmoja wa ukoo, mmoja mtu baki. Asiyejua, mashahidi wasiopungua 4, wawili wa ukoo na wawili baki. Tarehe na sahihi visikosekane. RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, wanasaidia kuandika na wanahifadhi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Arusha: Mimi ni binti, nimeolewa. Nikigusa habari hii kaka zangu wanasema nimetumwa na mume wangu.

Jibu: Pole dada yangu. Mtangulize shangazi kama mnaelewana, kwa kuwa dada wa baba anaweza kumwambia mambo ambayo wewe huwezi. Ukipata nafasi mwenyewe, sema: "Baba, sijaja kudai. Naomba neno lako likae kwenye karatasi, ili siku ya kuulizana tusome, tusibishane." Mumeo asiwepo siku hiyo.

Mwanachama, Tanga: Sisi Waislamu mafungu yameshapangwa. Wosia wa nini tena?

Jibu: Mafungu yamepangwa, kweli, na wasia hauzidi theluthi moja ya mali, wala haumwendei mrithi mpaka warithi wenzake waridhie. Lakini madeni hulipwa kabla ya mafungu, na amana za watu hurudishwa kwa wenyewe. Anayejua hayo ni mzee peke yake. Muulize: "Baba, kuna mtu tunayemdai au anayetudai?" Ni swali jepesi, na wazee wengi hulipenda kwa sababu linahusu heshima yao.

Mwanachama, Mbeya: Mama amekataa mara mbili, anasema namchulia kifo. Niendelee?

Jibu: Hapana, pumzika miezi kadhaa. Ukirudi, usitaje wosia kabisa. Muulize tu hati ya kiwanja imewekwa wapi, isije ikaliwa na mchwa. Mama yangu nilipomuuliza hivyo alivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, akavaa miwani, akaanza kunisomea karatasi moja baada ya nyingine.