SOMO: Mtoto akikuambia amechezewa, la kufanya kuanzia dakika hiyo

Wiki hii peke yake nimeulizwa swali hili mara nne. Zote nne ilikuwa usiku, na zote nne mtoto alikuwa ameshaogeshwa. Naandika hapa mara moja, atakayeniuliza tena nitamwelekeza huku. Mimi si daktari wala mwanasheria. Ni mzazi, nipo kwenye kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya mtaa wetu hapa Dar, na nimelea mtoto wa mdogo wangu ambaye yalimkuta nyumbani kwangu. Nazungumzia Tanzania. Mlioko Kenya na Uganda, namba 116 (simu ya msaada kwa mtoto) mnayo pia, ila ofisi na sheria ni zenu.

Kwa anayedhani haya ni ya watu wengine: utafiti wa taifa uliofanyika 2009 na kutolewa 2011 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18.

Hatua ya 1. Mfundishe mtoto majina halisi ya viungo vyake vyote, mapema. Mtoto anayesema "kidude" au "ua langu" anaweza asieleweke vizuri polisi au mahakamani.

Hatua ya 2. Mwambie: mtu mzima akisema "usimwambie mama", hilo ndilo la kumwambia mama.

Hatua ya 3. Zijue dalili. Mtoto aliyeacha kukojoa kitandani anaanza tena. Analia akienda haja, anatembea kwa kujivuta, chupi ina uchafu au damu. Hataki kwenda kwa mtu ambaye zamani alimkimbilia. Ana hela au pipi ambazo hawezi kueleza zimetoka wapi. Anacheza na wenzake michezo ya kikubwa ambayo hakuna mahali pa kuijua kwa umri wake. Dalili moja haithibitishi kitu, inaweza kuwa minyoo au UTI (maambukizi ya njia ya mkojo). Lakini mtoto asipelekwe kwa mganga wala asichapwe kwa kukojoa kabla hujajiuliza amekuwa na nani.

Hatua ya 4. Siku anapokuambia. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo someni hata kama mengine mtaruka.

Ilikuwa jioni, namvua nguo aoge. Ana miaka sita. Akaishika chupi kwa mikono miwili, akakataa kuiachia, akasema: "Mama mkubwa, nikikuambia kitu hutanipiga?" Nikamwambia sema. Akasema mjomba wa chumba cha nyuma, mpangaji wetu, huwa anamwita akachukue chenji. Akanyamaza hapo, ananitazama usoni. Sasa najua alikuwa ananipima: ametoa kipande kidogo aone nitafanyaje. Mimi nikapiga kelele. "Amekufanya nini? Amekuingiza? Lini? Kwa nini hukusema?" Majirani wakaja. Kila aliyeingia akamuuliza upya. Kufika saa mbili usiku alikuwa ameshasimulia kwa watu watano, na kila mmoja alimwekea maneno yake mdomoni: "ilikuwa jana, si ndiyo?", na yeye akaitikia ndiyo ili tumuache. Katikati ya hayo nikamwogesha kwa maji ya moto na chumvi, na ile chupi nikailoweka kwenye sabuni ya unga. Kisha nikamwita yule mtu sebuleni mbele ya wazee wa familia ajieleze. Akaapa. Alfajiri chumba kilikuwa kitupu. Alipokuja kukamatwa miezi baadaye, maelezo ya mtoto yalikuwa ya aina tano, nguo ilikuwa safi, na kesi haikusimama.

Basi fanya hivi. Kaa chini, macho yenu yawe sawa. Acha kazi uliyokuwa unafanya, hata kama sufuria inaungua, zima jiko urudi. Mwache aseme kwa maneno yake na kwa kasi yake. Maswali yanayotosha ni haya tu: "Kukatokea nini?" na "Nani?" Usitaje jina wewe, usitaje kitendo wewe, usiulize "kwa nini hukusema". Mwambie mambo matatu: nakuamini, umefanya vizuri kuniambia, si kosa lako. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, kwa sababu utawaambia. Akimaliza, nenda pembeni uandike alivyosema, neno kwa neno, pamoja na saa. Akisema "aliniwekea kitu cha moto", andika hivyo hivyo, usitafsiri.

ONYO: kusimulia kwa wataalamu kunatosha. Bibi, shangazi na jirani hawana haja ya kusikia kutoka kinywani mwa mtoto.

ONYO: usimkabili mtuhumiwa. Wala usipige simu "kumuuliza tu". Ukimuuliza umempa usiku mmoja wa kukimbia, au wa kumtisha mtoto.

Hatua ya 5. Usimwogeshe, usimswakishe, usimbadilishe nguo. Kama nguo zimeshavuliwa, kila moja iweke kwenye bahasha au mfuko wake wa karatasi. Si wa nailoni: unyevu ukibaki ndani ushahidi unaoza. Nguo ikiwa mbichi, ianike ndani ya nyumba kivulini kwanza. Kama umeshamwogesha, nenda hivyo hivyo. Usikae nyumbani kwa aibu ya kosa hilo.

Hatua ya 6. Hospitali, leo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72 na huendelea siku 28, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Msichana aliyevunja ungo kuna dawa ya kuzuia mimba ndani ya siku 5. PF3 ni fomu inayotoka polisi, na ndiyo daktari anajaza kwa ajili ya kesi. Lakini mtoto anayetoka damu anaanza hospitali, karatasi itafuata. Hospitali nyingi kubwa zina kituo cha mkono kwa mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana sehemu moja. Kiulizie mlangoni.

Hatua ya 7. Toa taarifa Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii, au mtendaji wa mtaa. Hujui uanzie wapi? Piga 116, ni bure. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mtu yeyote kwenye jamii mwenye taarifa kwamba mtoto ananyanyaswa aipeleke kwa mamlaka ya serikali za mitaa, kwa hiyo hata jirani anahusika.

Hatua ya 8. Msimalizane kifamilia.

Maswali ulizeni hapa chini. Soma kwanza.

---

Mama Pacha: Dada pole kwa yaliyokukuta. Swali: daktari amempima mwanangu akasema hana michubuko, yuko salama. Ina maana mtoto amedanganya?

Jibu: Hapana mama, na nashukuru umeuliza kabla hujamgeukia mtoto. Watoto wengi waliofanyiwa wanapimwa na hawakutwi na jeraha lolote. Kushikwashikwa hakuachi alama, na sehemu zile zinapona haraka, siku chache tu. Daktari akisema hakuna michubuko, amesema hakuna michubuko. Hajasema hakuna kilichotokea. Na mahakama zetu kwenye makosa haya zinaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, hakimu akiridhika kwamba anasema kweli. Ndiyo maana napiga kelele maneno ya mtoto yasichezewe. Endelea na Dawati, na rudini kliniki kwa tarehe mlizopewa.

Kijana wa Temeke: Wa kwangu hasemi kitu ila ana dalili. Nimtandike kidogo aseme?

Jibu: Hapana. Ukimpiga atakuambia chochote unachotaka kusikia, na mtu aliyemwambia "ukisema watakupiga" utakuwa umemthibitishia. Soma hatua ya 4.

Baba Wawili: Samahani mwalimu, mbona mnaongelea wasichana tu? Mimi nina wavulana.

Jibu: Hakuna mahali nimeandika wasichana tu, ila nakuelewa, na swali lako ni la maana sana. Wavulana wanakaa kimya zaidi kwa sababu wameambiwa mwanaume halii, na wanaogopa kuitwa majina. Hatua ni zile zile zote, pamoja na dawa ndani ya saa 72. Kwa sheria yetu, kumlawiti mtoto wa chini ya miaka 18 adhabu yake ni kifungo cha maisha, kama ilivyo kwa anayembaka msichana wa chini ya miaka 10. Kitu kimoja: usimwambie "jikaze". Keti naye. Wavulana wengi hufunguka mikono ikiwa na kazi, mnaosha baiskeli au mnamenya viazi, kuliko ukimkazia macho.

Baba Wawili: Ahsante. Wa pili ameacha kabisa kwenda tuisheni, anasema tumbo. Jumamosi tutaosha baiskeli.

Jibu: Usingoje Jumamosi.

Msemakweli: Familia ya mtuhumiwa imetuletea laki tano na kuomba radhi, wazee wamekubali. Kuna ubaya gani?

Jibu: Ubaya ni kwamba mtoto anaendelea kumwona barabarani, na mtoto wa jirani ndiye anayefuata. Hili ni kosa la jinai, wazee hawana mamlaka ya kulifuta. Rudisheni hela, nendeni Dawati.

Msemakweli: Unahukumu tu, hujui maisha ya watu.

Jibu: Nayajua. Mimi ndiye niliyewaita wazee sebuleni.

Nyota ya Kigoma: Mama yangu, naomba nisihukumiwe. Anayefanya ni baba wa watoto. Ndiye analipa kodi na chakula. Nikimshtaki tutalala wapi?

Jibu: Mdogo wangu, hakuna atakayekuhukumu hapa. Kwanza piga 116 ukiwa mbali naye, na ufute namba kwenye orodha ya simu zako. Waeleze hivyo hivyo ulivyoniambia, pamoja na suala la pa kulala. Afisa ustawi wa jamii kazi yake si kuandika tu. Anaweza kuwatafutia ndugu wa kuaminika au nyumba salama wakati shauri linaendelea. Kusanya polepole: vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, nauli, nguo mbili mbili, uweke kwa mtu nje ya nyumba. Usimwambie kwamba umejua. Usiku wa leo watoto walale na wewe, sema mmoja ana homa. Niandikie pembeni, nitakaa na simu.

Mwalimu wa Zamu: Na kupigwa je? Jirani anamchapa mtoto wa kambo kwa waya.

Jibu: Ni ukatili, ni taarifa ile ile kwa ofisi zile zile. Waya, pasi, pilipili machoni, kumchoma vidole kwa sababu ya shilingi mia tano, hiyo si adabu. Na kwa kuwa wewe ni mwalimu: hata shuleni ambako viboko vimeruhusiwa, kanuni za elimu zinataka visizidi 4, fimbo nyepesi, mkononi au makalioni juu ya nguo, na mkuu wa shule ajue na viandikwe kitabuni. Mzazi anaweza kuomba kuona kitabu hicho.

Mwalimu wa Zamu: Hilo la kitabu wazazi wengi hawalijui.

Jibu: Sasa wanajua.

Bi Harusi 2: Dada fupisha, sina muda wa kusoma yote. Nifanye nini?

Jibu: Usimwogeshe. Piga 116.

Mama Pacha: Nimerudi. Nyongeza kwa wenzangu: msiweke picha za watoto wakiwa na sare kwenye status. Jina la shule linasomeka kifuani, mtu anafika getini anajua jina la mtoto na la mama yake.

Jibu: Kweli kabisa, ahsante. Na mpeane neno la siri na mtoto: mtu yeyote anayekuja kumchukua bila hilo neno, hata akisema mama amelazwa, haendi naye. Likitumika mara moja, libadilisheni.

Kijana wa Temeke: Nimesoma yote sasa. Samahani kwa lile swali la juu. Mtoto anapanda hiace ya shule, ndiyo inanipa wasiwasi. Niangalie nini?

Jibu: Hakuna haja ya samahani, umerudi. Angalia vitu viwili. Cha kwanza, kama kuna matroni (msimamizi wa watoto garini) anayebaki ndani ya gari mpaka mtoto wa mwisho ashuke, au yeye mwenyewe anashukia njiani karibu na kwake. Cha pili, ni nani anashuka mwisho. Mtoto anayeshuka mwisho hubaki na dereva peke yake kila siku, muda ule ule, na wazazi wengi hawajawahi kuuliza ni wa nani. Kesho asubuhi uliza. Akiwa ni wako, zungumza na wazazi wa njia yenu mpange matroni amshushe mtoto kwanza ndipo yeye ashuke, na wewe siku moja moja panda hiyo gari bila kutoa taarifa.