Kujiandaa na Mafuriko Nyumbani Dodoma, na Kuirudisha Nyumba Katika Hali Yake

Dodoma hupata mvua chache, wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, lakini karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, tena kwa nguvu, juu ya ardhi iliyokauka kwa miezi mingi. Maji hayazami upesi, bali hutiririka. Korongo ambalo watoto walichezea mpira mwezi Novemba laweza kujaa pomoni ilhali kwako halijadondoka hata tone, kwa sababu mvua imenyesha milimani. Ndiyo maana kazi hii hufanywa wakati wa kiangazi.

Mwezi Oktoba, zunguka kiwanja ukitafuta njia ya maji ya mwaka uliopita: mchanga uliolundikana pembeni mwa ukuta, au takataka zilizonasa kwenye uzio wa miiba. Zibua mtaro ulio upande huo, na udongo unaoutoa usiuache ukingoni, kwani mvua ya kwanza itaurudisha mulemule. Ikiwa nyumba ni ya matofali mabichi, shindilia kifusi kuzunguka ukuta ili maji yateremke kuelekea nje, kisha piga lipu ya saruji sehemu ya chini. Anayetafuta kiwanja akumbuke kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Bei nafuu ya kiwanja cha kando ya korongo huja kulipwa baadaye.

Hati ya kiwanja, vyeti na kadi za kliniki zifungwe kwenye mfuko wa plastiki na kuwekwa juu. Magunia ya nafaka yakae juu ya chaga. Fuatilieni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na mkubaliane mapema nani atambeba bibi na mtakimbilia kwa nani.

Maji yakikaribia, zima swichi kuu ya umeme ukiwa bado umesimama pakavu; yakishaingia ndani, usiiguse. Usivuke korongo linalopita kwa kasi, hata likiwa chini ya goti, maana maji hayo humwangusha mtu mzima. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

Maji yakipungua, hatari kubwa ni ukuta. Tofali bichi lililolowa laweza kustahimili usiku wa mvua, kisha likaporomoka siku moja au mbili baadaye, watu wakiwa wamelala. Kwa hiyo ukague kwanza kwa nje: nyufa mpya, kona iliyoinama, msingi uliochimbika. Ukiona dalili mojawapo, nawasihi, laleni kwa jirani hadi fundi aseme.

Piga picha za uharibifu kabla ya kusafisha na umjulishe mwenyekiti wa mtaa. Tope lizolewe likiwa bichi, kwani likikauka huwa gumu kama tofali. Vaa mabuti na glavu, kwa maana choo cha shimo kikifurika, tope hilo huwa limebeba kinyesi. Sakafu ioshwe kwa sabuni, kisha kwa maji yenye klorini, na maji ya kunywa yachemshwe. Umeme usiwashwe kabla fundi hajakagua nyaya.

Mahindi yaliyolowa huuma sana kuyatupa. Hata hivyo, yakishaota ukungu, kuyaanika na kuyasaga hakuondoi sumukuvu, na mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Yasiliwe wala wasipewe kuku.

Usikimbilie kupiga lipu wala rangi. Uso wa ukuta hukauka mapema huku ndani kukiwa bado na unyevu. Bandika kipande cha nailoni ukutani kwa selotepu pande zote nne, ukiache usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone upande wa ndani, acha madirisha wazi na urudie baada ya wiki.