Mwasumini uani: kuotesha, kupanda na kukata

Mwasumini ukikosa maua, wengi hukimbilia mbolea. Mara nyingi unachotaka ni jua na mkasi. Asumini huchanua kwenye ncha za machipukizi mapya, kwa hiyo mti usiokatwa hubaki na matawi marefu matupu. Katika somo hili, hilo lishikeni kuliko yote.

Mbegu msizitafute, mti huu huzaa kwa nadra sana. Tunatumia vipandikizi.

1. Chagua tawi lisilo changa mno wala gumu kama kuni. Kata sentimita 10 hadi 15, chini kidogo ya pingili, yaani fundo linalotoa majani. Ondoa majani ya chini, bakiza machache juu. Chomeka kwenye kavera (mfuko wa plastiki) lenye mchanga na mboji, funika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, weka kivulini. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Mizizi huchukua mwezi mmoja au miwili. Tafadhali usikivute kipandikizi kuchungulia. Majani mapya yatakuambia.

2. Tafuta mahali penye jua kwa muda wa saa 6 hivi kila siku. Mimi nashauri karibu na baraza au dirisha la chumba cha kulala, kwa kuwa maua hufunguka jioni na harufu hukolea usiku.

3. Hapa Uganda, panda mvua za Machi au Septemba zikishashika. Shimo la sentimita 40 kila upande, samadi iliyooza vizuri. Tandaza maganda ya kahawa, lakini yasiguse shina, mchwa hujificha humo.

4. Sasa mkasi. Kila maua yakiisha, punguza matawi kwa theluthi moja, ukikata juu kidogo ya pingili yenye majani. Mkasi uwe mkali. Panga huchana gome, na jeraha hukawia kupona. Usione huruma. Kila tawi ulilokata litatoa machipukizi, na huko ndiko vikonyo vya maua vitakakotokea.

Maswali

Swali, Jinja: Mwalimu, wangu una majani mengi ya kijani kibichi, lakini hauna ua hata moja. Naweka samadi kila mwezi.
Jibu: Pumzisha samadi, dada. Naitrojeni iliyomo kwenye samadi ikizidi, mti hushughulika na majani. Kata, kisha angalia kama mwembe wa jirani haujaukinga jua.

Swali, Bwaise (bondeni Kampala): Majani yanageuka manjano, mishipa yake pia.
Jibu: Bonde hilo hutuamisha maji, ndugu yangu. Chimba pembeni, udongo ukinuka uvundo, hamishia mti kwenye tuta. Mishipa ingebaki kijani huku majani machanga yakiwa manjano, ningeshuku upungufu wa madini ya chuma.

Swali, Kabale: Shikamoo. Kwetu baridi, utakubali?
Jibu: Marahaba. Utakua polepole na maua yatapungua. Upande kwenye chungu, uegemeze ukuta unaopigwa na jua la mchana, na wakati wa baridi kali punguza maji.