Kaza bushi gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake
Unapojenga nyumbani gari jepesi la spoti kwa kutumia mikono ya sasipensheni iliyotolewa kwenye Mazda MX-5, acha bolti zinazopita kwenye bushi za mpira (vipande vya mviringo kwenye maungio ya mikono hiyo) zikiwa zimekazwa kwa vidole tu, na usizikaze mpaka gari lisimame kwa magurudumu yake, injini na giaboksi vikiwa ndani na mifuko ya mchanga ikiwa kwenye viti badala ya watu. Kuzifikia zikiwa huko chini ni kero, lakini mpira umegandishwa kwenye bomba lake la chuma, hivyo hauzunguki bali hujisokota; ukikazwa mikono ikining'inia, hubaki umesokotwa, huinua gari kidogo na kuchanika mapema. Fremu ikiwa bado tupu, springi hazijalala, basi subiri. Bushi za poliyurethani, aina ya plastiki, huzunguka zenyewe. Hizo zinataka grisi tu.