Somo: Maji salama kwa hoteli ya kisiwani, Ziwa Victoria

Maji ya ziwa hayana chumvi; kazi ni kuondoa tope, mwani na vimelea vya kichocho na kipindupindu. Tuchukue watu 30, lita 150 kila mmoja: lita 4,500 kwa siku.

Kwanza, mdomo wa bomba linalovuta maji ziwani. Uwe mbali na mwalo, vyoo na matete, maana konokono wa kichocho hukaa kwenye majani ya ufukweni. Ufunge kwenye boya, uning'inie kama mita 2 chini: juu kuna mwani, chini kabisa tope. Pampu ya sola ijaze simtanki la juu mchana, chujio lipate maji usiku kucha.

Pili, chujio la mchanga. Hapa usiwe na haraka. Eneo la mita za mraba 2: kokoto sm 30, juu yake mchanga laini sm 90, kisha maji mita 1. Osha mchanga mpaka maji ya ndoo yabaki maangavu. Maji ya chujio yakishuka sm 10 kwa saa, unapata lita 4,800 kwa siku. Baada ya wiki 2 au 3 uso wa mchanga hufanya utando unaoteleza ukiugusa. Vijidudu vyake ndivyo vinavyokula vimelea. Ukizima usiku, utando hukosa hewa na kufa. Bomba la kutolea lipandishwe juu kidogo ya usawa wa mchanga, usije ukakauka.

Tatu, klorini, baada ya chujio tu. Gramu 3 za unga wa asilimia 65–70 kwa lita 1,000, subiri nusu saa. Kipimo cha klorini iliyobaki kisome miligramu 0.2–0.5 kwa lita.

Nne, kubana matumizi. Tia rangi ya chakula kwenye tangi la choo. Ikionekana bakulini kabla ya kuvuta, mpira wa tangi umechoka, maji yanavuja. Mvua ya mm 20 kwenye bati la mita za mraba 100 inakupa lita 1,600 hivi. Weka gata.

Maswali

*Ziwa limegeuka kijani kibichi. Tuzidishe klorini?*
Hapana, mkuu. Ukiitia kwenye maji hayo, hupasua mwani na kumwaga sumu yake, na kuchemsha hakuiondoi. Zima pampu ya ziwani, pitisha akiba ya mvua kwenye chujio ili utando usife.

*Chujio letu sasa linadondosha tu.*
Limeziba juu. Shusha maji, kwangua sm 1 hadi 2 kwa sepeto bapa, usichimbue. Maji ya siku chache za mwanzo yapeleke kwenye migomba. Mchanga ukibaki sm 60, rudisha ule uliokwanguliwa, ukiwa umeoshwa.