Njia za mkato kituoni: jinsi ninavyobadilisha treni za chini ya ardhi bila kukwama kwenye umati

Kwa miaka mingi nimekwenda kazini kwa treni za chini ya ardhi za London, nikibadilisha treni mara mbili asubuhi na mara mbili jioni. Nilichelewa kulielewa jambo moja: vibao vya kituoni vimewekwa ili kutawanya watu. Wasimamizi wanajua ujia upi hujaa saa mbili na nusu asubuhi, kwa hiyo wanakuzungusha kwingine, hata kama huko ni mbali. Ukishalijua hilo, utajua kibao kipi cha kutii na kipi cha kukipuuza.

Hatua ya 1: Chagua behewa

Hapa ndipo penye faida kubwa, na watu wengi hawapafikirii kabisa. Treni husimama karibu mahali palepale kila siku. Kwa hiyo ukipanda mlango unaofaa, utashuka ukiwa usoni pa ngazi.

Siku ya kwanza, ukishuka, hesabu mabehewa kutoka ulipo hadi ngazi zilipo. Kesho yake, kabla ya kupanda, sogea idadi hiyohiyo kwenye jukwaa. Andika kwenye simu: "behewa la tatu kutoka mbele, mlango wa nyuma." Treni ya njia ya Victoria ina mabehewa 8 na urefu wa zaidi ya mita 130. Ukikosea upande, utautembea urefu wote huo nyuma ya migongo ya watu. Muda mwingi zaidi utauokoa kwa kufika kwenye ngazi kabla foleni haijajipanga.

Tokyo wamekufanyia hesabu hiyo: kwenye majukwaa kuna mabango ya manjano yanayoonyesha behewa gani liko karibu na mlango upi wa kutokea au njia ipi ya kuunganisha. London huna budi kujihesabia. Penye milango ya vioo ukingoni mwa jukwaa, kama kwenye njia ya Jubilee kuanzia Westminster hadi North Greenwich, kazi ni nyepesi kwa sababu unaona kabisa mlango utafungukia wapi.

Tatizo ni kwamba wenzako nao wamehesabu. Behewa hilo likijaa kupita kiasi, panda la jirani. Utapoteza hatua chache tu, na utapata pa kupumua.

Hatua ya 2: Usiiamini ramani kwa umbali

Mchoro wa njia za treni hizi uliobuniwa na Harry Beck na kutolewa kwa umma mwaka 1933 ulinyoosha njia na kusawazisha nafasi kati ya vituo. Unasomeka vizuri mno, lakini haupimi umbali. Kutoka Leicester Square hadi Covent Garden ni kama mita 260. Covent Garden utasubiri lifti, au upande ngazi 193. Mimi hutembea juu barabarani.

Kinyume chake, tafuta vituo ambapo njia mbili zinapakana. Pale Oxford Circus, unatoka njia ya Bakerloo na kuingia njia ya Victoria ya uelekeo uleule kwa kuvuka kijia kifupi tu. Mile End unavuka jukwaa kutoka njia ya Central hadi njia ya District. Safari yenye kituo kimoja zaidi lakini isiyo na ngazi mara nyingi hushinda.

Hatua ya 3: Jua kibao cha kutii

King's Cross St Pancras iliongezewa ukumbi wa tiketi wa kaskazini mwaka 2009 ili kupunguza msongamano. Ukifuata vibao vya kutokea unaweza kujikuta kwenye ujia mrefu wa kuelekea huko, ilhali ulitaka ukumbi wa zamani. Vibao vya namna hiyo ni ushauri. Asubuhi ya Jumapili, kituo kikiwa kimelala, zunguka ujifunze ipi ni fupi.

Kibao cha duara jekundu cha kukataza kuingia ni habari nyingine. Kimewekwa pale mikondo miwili ingegongana uso kwa uso, hasa chini ya ngazi za umeme, ambapo watu wakisimama sekunde chache tu wanaotoka juu hawana pa kukanyaga. Niliwahi kukipuuza. Treni ikamwaga abiria wake, nikabaki nimeganda ukutani kama tangazo, na treni yangu ikaondoka. Abiria mmoja anayekwenda kinyume huwanyima wenzake nusu ya ujia.

Hatua ya 4: Ngazi za umeme

Simama kulia, tembea kushoto. Wengi hudhani hivyo ndivyo watu wengi zaidi hupita. Mwishoni mwa 2015, kituo cha Holborn, ambako ngazi hupanda zaidi ya mita 23, walijaribu kwa wiki tatu kuwasimamisha watu pande zote mbili, na ngazi zikabeba watu wengi zaidi saa za msongamano. Ni wachache wanaokubali kupanda urefu ule kwa miguu, kwa hiyo upande wa kushoto hubaki na mapengo. Ukiona foleni ndefu chini na kushoto kuko wazi, tembea. Ukifika juu, endelea mbele hatua kadhaa ndipo utoe simu.

Hatua ya 5: Geti

Kadi ya kulipia nauli iwe mkononi mapema. Ikikataa mara mbili, toka pembeni, nenda kwa mhudumu. Usijaribu ya tatu.